Gamelan ya Bali: jinsi ya kuisoma hatua kwa hatua, kuanzia kwenye gong

Ukitafuta gamelan ya Bali, kile kisiwa cha Indonesia, kwenye YouTube utaletewa video ya watu ishirini na kitu wamekaa chini, mbele yao vibao vya bronzi kwenye makasha yaliyochongwa na kupakwa rangi ya dhahabu, wanapiga kwa kasi ya ajabu afu wote wanasimama pamoja pap! Wengi wanaangalia dakika mbili, wanasema hii kali, wanafunga. Hawajachoka, ila hawajui sikio walishikize wapi, kwa sababu wameanza kusikiliza juu kabisa, kwenye zile noti ndogondogo zinazokimbia, wakati mziki wenyewe umejengwa kuanzia chini. Naupenda sana huu mziki na nataka watu wengi zaidi wanaoongea Kiswahili wauingie, kwa hiyo hapa nimepanga njia ambayo naamini inafanya kazi: gong kwanza, yaani ile sahani kubwa ya bronzi inayoning'inizwa, afu unapanda taratibu, na mambo ya utamaduni yanaingia humohumo maana huwezi kuyatenganisha. Unahitaji simu, hedifoni, na rafiki mmoja mvumilivu.

Hatua ya 1: chagua gamelan moja

Gamelan ni seti nzima ya ala zilizotengenezwa pamoja na kuwekwa sauti pamoja, na Bali peke yake ina aina zaidi ya ishirini za seti. Kuna gender wayang, ala nne tu, inayosindikiza vikaragosi vya kivuli na ile sherehe ya kusawazisha meno ya vijana. Kuna angklung yenye sauti nne, utaisikia sana kwenye mazishi ya kuchoma maiti. Kuna selonding ya chuma kule kijiji cha Tenganan, hiyo ni takatifu. Kuna jegog ya Jembrana, magharibi ya kisiwa, imetengenezwa kwa mianzi minene kweli kweli na besi yake unaisikia tumboni. Kuna beleganjur ya kupiga huku mnatembea. Ukivamia zote kwa mpigo utachanganyikiwa.

We anza na gong kebyar. Ndiyo iliyoenea vijijini kote Bali, ndiyo yenye video nyingi na walimu wengi, na ukishaielewa hizo nyingine zinafunguka kirahisi. Na angalia usije ukachukua video za kisiwa jirani cha Java ukadhani ni zilezile, gamelan ya Java kwa kawaida ni tulivu na laini, inajengwa na kupigwa tofauti, ni somo lake.

Hatua ya 2: itafute gong na usiiache

Vaa hedifoni au tumia spika yenye besi, maana spika ya simu inaimeza gong yote unabaki unasikia kengele tu. Tafuta video ya dansi ya Baris, ile ya shujaa wa vita, mwanaume mmoja na kofia ya pembe tatu kichwani. Baris inatumia mzunguko unaoitwa gilak, mapigo 8, unajirudia rudia, kwa hiyo ni mwalimu mzuri wa mwanzo.

Sasa kuna kitu kimoja kidogo ambacho kinabadilisha kila kitu. Sisi tumezoea kuhesabu moja pale pigo zito linapoangukia. Bali gong inakaa mwisho, ndiyo inayofunga. Kwa hiyo hesabu hivi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, GONG. Kila kitu kinaelekea kwenye gong, melodi inaelekea pale, ngoma zinaelekea pale, hata mcheza dansi akijipanga anajipanga afike pale. Ukishahesabu hivyo dakika kumi hivi utaanza kuhisi mvuto wake mwenyewe, unajua inakuja kabla haijaja.

Ukipotea usirudishe video nyuma, nyamaza usubiri gong inayofuata halafu uingie. Wapigaji wenyewe wanafanya hivyohivyo.

Kuna wasaidizi wa gong pia. Kempli ni kagong kadogo kanakopiga tik tik tik bila kuchoka, hako ndiko kanakoshika mapigo. Kempur ni gong ya kati. Klentong ni kadogo kenye sauti tamu, mara nyingi kanaangukia katikati ya mizunguko mirefu. Na gong kubwa zenyewe kwa kawaida ziko mbili, wadon na lanang, yaani ya kike na ya kiume, na ya kike ndiyo nzito zaidi. Ukishaizoea gilak jaribu vipande vya polepole vinavyoitwa lelambatan, hivyo ni vya hekaluni na kutoka gong moja hadi nyingine inaweza kupita dakika nzima. Ni zoezi gumu la sikio ila linalipa.

Hatua ya 3: panda safu kwa safu

Baada ya gong, sikiliza jegogan. Vibao vikubwa vitano, wanapiga kwa nyundo yenye kitambaa au mpira, sauti pana ya chini na wanapiga mara chache. Juu yao kuna jublag, hao wanashika mifupa ya melodi, wanapiga mara nyingi zaidi ya jegogan. Seti nyingine zina penyacah juu ya hapo, nao wanaongeza tena. Afu kuna ugal, kinara wa safu ya vibao, anakaa juu kidogo kuliko wenzake ili mkono wake uonekane, anaimba melodi yenyewe kwa uhuru na mbwembwe. Chini ya uongozi wake kuna gangsa, pemade na kantilan, vibao 10 kila kimoja, hawa ndio wenye zile noti zinazokimbia. Halafu reyong, vyungu 12 vya bronzi vimepangwa kwenye mstari mmoja mrefu na watu wanne wanagawana.

Umeona mpangilio? Kadiri ala inavyokuwa kubwa na nzito ndivyo inavyopiga mara chache, kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyopiga haraka. Kila safu ni ileile melodi kwa ukubwa tofauti. Kwa hiyo zoezi ni hili: chukua kipande kimoja tu, kisikilize mara ya kwanza ukifuata jegogan pekee, mara ya pili jublag pekee, mara ya tatu ugal. Imba unachosikia kwa mdomo, usiandike bado. Kama huwezi kuimba melodi ya jublag hujafika wakati wa kuangalia gangsa, na hapa ndipo watu wanakosa subira wanaruka, afu wanarudi kulalamika kwamba mziki wote unafanana.

Hatua ya 4: sauti tano

Gong kebyar ina sauti tano: ding, dong, deng, dung, dang. Irabu i, o, e, u, a, zote tano tunazo kwenye Kiswahili kwa hiyo kuziimba haitakusumbua hata kidogo. Kama una kinanda na unataka kukaribia karibia, gusa C#, D, E, G#, A. Nasema kukaribia kwa sababu kinanda hakiwezi kuzipata sawasawa, na muhimu zaidi hamna kipimo kimoja cha Bali nzima. Kila seti ina sauti yake, ilivyopangwa na fundi wake, kwa hiyo huwezi kuchukua kibao cha gangsa cha kijiji hiki ukakipeleka kijiji kile kikakubaliana na wenzake. Mafundi wanaitwa pande, ni ukoo wa wahunzi kabisa, na kijiji cha Tihingan kule Klungkung kinajulikana sana kwa kazi hii. Bronzi yao ni shaba na bati, wanafua na kukwangua kibao hadi kifike kwenye sauti inayotakiwa, na chini ya kila kibao wanatega bomba la mwanzi lililokatwa urefu wa kukubaliana na sauti ya kibao hicho.

Hatua ya 5: sikia ombak kwa masikio yako

Hii ifanye leo leo kabla hujalala. Tafuta simu mbili, kila moja weka programu ya bure ya kutoa toni. Ya kwanza iweke hezi 400. Ya pili iweke hezi 407. Ziweke karibu, washa zote mbili. Utasikia sauti inatetemeka, inapanda na kushuka mara 7 kwa sekunde. Sasa shusha ya pili hadi 403, mtetemeko unapungua unakuwa wa mawimbi marefu ya polepole. Irudishe 400, sauti inakufa, inakuwa bapa.

Hicho ndicho Wabali wanachokiita ombak, yaani wimbi, na wanakitengeneza makusudi. Vibao vinakwenda kwa jozi, ala moja inaitwa pengumbang, iko chini kidogo, nyingine pengisep, iko juu kidogo, na zikipigwa pamoja hewa inatetemeka. Kwa mtu aliyezoea kinanda kilichopangwa vizuri ataona kama ala zimepishana kwa bahati mbaya. Kwa mtu wa Bali, gamelan isiyo na ombak haina uhai. Na ndo maana rekodi za kibao kimoja kilichochukuliwa peke yake studio zinasikika zimekauka, nusu ya sauti haipo.

Hatua ya 6: kotekan, na hapa kaa sana

Sasa tumefika kwenye zile noti zinazokimbia. Siri yake ni kwamba hakuna mtu anayezipiga zote. Melodi imekatwa vipande viwili: polos na sangsih. Polos anashika upande wa chini na mara nyingi anakaa karibu na pigo, sangsih anaingia kwenye mapengo. Kila mmoja anapiga sehemu yake tu, na ikiungana inatoka melodi moja nzima kwa kasi ambayo mkono mmoja usingeifikia.

Mwite rafiki yako. Mkae mkitazamana, kila mtu na sufuria au ndoo mbili, au mtumie midomo tu. Tuchukue sauti tatu, ding, dong, deng. Aina hii inaitwa kotekan telu, telu ni tatu. Mapigo madogo 8, polepole, kama unahesabu hela.

Wewe uwe polos:

ding dong – ding dong – ding dong

Rafiki awe sangsih:

– dong deng – dong deng – dong

Kistari maana yake nyamaza. Kila mtu afanye peke yake kwanza mpaka asihitaji kufikiri. Afu pamoja. Kitakachotoka ni hiki:

ding dong deng ding dong deng ding dong

Yaani vikundi vya tatu, tatu, mbili, vinapanda juu ya mapigo yaliyonyooka ya nne nne. Kwenye dong mnagongana wote wawili, hiyo ni sawa, ndivyo inavyotakiwa, ile sauti ya katikati ndiyo gundi. Mtu wa tatu akiwepo awe kempli, apige pigo la 1 na la 5, bila kuyumba. Na hapo ndo mtaona kazi, kwa sababu vikundi vya tatu vinakuvuta utoke kwenye mstari wa kempli na akili yako lazima ishike vyote viwili.

Mtakapoanza mtafanya kosa ambalo kila mtu analifanya: kuziba masikio ili usimsikie mwenzako asikuvuruge. Inaeleweka lakini ni njia isiyofika. Ukimziba mwenzako unaweza kwenda polepole, ila mkiongeza kasi mtaachana. Njia yenyewe ni kusikiliza ile melodi iliyounganika na kuweka pigo lako ndani yake, yani unaimba kichwani ding dong deng ding dong deng nzima halafu mkono wako unagusa za kwako tu. Mkifika hapo, badilishaneni, wewe uwe sangsih. Mtu anayejua upande mmoja tu wa kotekan hajaijua kotekan.

Zipo aina nyingine. Nyog cag ni rahisi kueleza, polos na sangsih wanapokezana noti moja moja, huyu yule huyu yule, ngumu ni kuipiga kwa kasi. Norot, mapambo yanazunguka zunguka sauti moja ya melodi kabla ya kuhamia inayofuata. Kotekan empat ina sauti nne, polos anachukua mbili za chini, sangsih mbili za juu, na ile ya juu kabisa inapigwa pamoja na ya chini kabisa, ndo ule mlio mkali unaometameta kwenye kebyar. Usikariri majina tu, tafuta mfano wa kila moja na uupige na mtu.

Wasomaji wa Uganda hapa mna mlango wa jirani kabisa. Amadinda ya Buganda, vibao 12 vya mbao, wapigaji wawili wakuu wanakaa pande mbili za ala moja, omunazi anaanzisha, omwawuzi anaingia katikati ya mapigo yake, na melodi inayosikika haipigwi na yeyote kati yao peke yake. Ukiweza kukaa kwenye amadinda mwezi mmoja na mwalimu, utaifikia kotekan ukiwa umeshazoea lile jambo gumu zaidi, kushika pigo lako wakati la mwenzako liko kwenye pengo lako. Kuna waliowahi kudai kwamba ala za namna hii Afrika zilitoka Indonesia, hilo halijathibitishwa na huna haja nalo ili ufurahie ufanano.

Hatua ya 7: mkono wa kushoto

Fupi lakini usiiruke. Kibao cha bronzi ukikipiga kinaendelea kulia, kwa hiyo mkono wa kulia unapiga kwa panggul, kinyundo cha mbao, na wa kushoto unafuata nyuma unakibana kibao ulichotoka kukipiga kwa kidole gumba na cha shahada, sekunde ileile unayopiga kinachofuata. Kwenye video weka kasi ya nusu na uangalie mikono ya kushoto tu. Usafi wa kotekan unatoka huko, wapigaji wasiobana vizuri hata wawe na kasi gani inatoka makelele.

Hatua ya 8: ngoma, na nani anaamuru

Hamna mtu anayesimama mbele na kijiti. Anayeongoza ni mpiga kendang, ngoma ya vichwa viwili inayolazwa mapajani. Nazo ziko mbili, wadon ya sauti nzito na lanang ya sauti nyembamba, na zinafungamana kama polos na sangsih. Kwa kawaida wa wadon ndiye kiongozi. Yeye anaamua kuongeza kasi, kupunguza, kusimama.

Kwenye dansi mambo yanakuwa matamu zaidi. Mcheza dansi akitaka mkato, yaani angsel, anatoa ishara kwa mwili, bega linapanda, jicho linageuka, mguu unakanyaga. Mpiga kendang ameiona, anapiga mfuatano ambao wote wanaujua, na kundi zima linakata pamoja na matoazi ya ceng-ceng yanalipuka. Chukua ileile video ya Baris, tafuta sehemu moja tu ambayo mziki unakata ghafla, rudisha sekunde tano nyuma, angalia mabega ya mchezaji. Ukiiona ishara kabla mziki haujakata umeshaanza kusoma gamelan kweli.

Hatua ya 9: umbo la kipande kizima

Vipande vya jadi vinaelezwa kwa viungo vya mwili. Kuna kawitan, mwanzo, kichwa. Kuna pengawak, kiwiliwili, sehemu ndefu ya polepole. Kuna pengecet, miguu, inachangamka na kwenda hadi mwisho. Ukiwa na hayo matatu hutapotea kwenye lelambatan hata iwe ndefu vipi. Kebyar yenyewe ina tabia ya kufungua na mlipuko, kundi zima kwa pamoja, bila mapigo ya kuhesabika, halafu kimya, halafu mlipuko tena. Vipande vipya, kreasi baru, vinakata na kuunganisha kwa uhuru zaidi na kuna watunzi kama I Nyoman Windha na Dewa Alit wanaofaa kuwafuatilia ukishaiva kidogo.

Hatua ya 10: nani anapiga, na kwa nini

Hapa nitasema kwa nguvu kidogo: ukijifunza noti bila kujua banjar utakuwa umejifunza nusu, na sio ile nusu muhimu. Banjar ni mtaa, jumuiya ya kaya za Kibali yenye ukumbi wake, sheria zake, wajibu wake. Mara nyingi seti ya gamelan ni mali ya banjar au ya hekalu. Wapigaji ni sekaa, chama cha watu wa kawaida, mkulima, fundi, mwalimu, dereva, wanakutana jioni wanafanya mazoezi. Kukiwa na odalan, sikukuu ya hekalu ambayo kwa kalenda ya pawukon inarudi kila baada ya siku 210, wanakwenda kupiga bila malipo. Kazi hiyo ya kujitolea inaitwa ngayah. Hekalu zipo maelfu, kila moja na odalan yake, ndo maana mziki haulali kisiwa kile.

Kwa miaka mingi wapigaji walikuwa wanaume. Kuanzia miaka ya 1980 vikundi vya wanawake vikaanza kuongezeka na leo vina mashindano yao, kwa hiyo dada unayesoma hapa usione kwamba hii haikuhusu.

Hekalu lenyewe, pura, kwa kawaida lina nyua tatu, na sanaa nazo zikapangwa hivyo kwenye semina ya mwaka 1971: wali ni za ua wa ndani na ni sehemu ya ibada, bebali ni za ua wa katikati, balih-balihan ni za nje, za kutazamwa na burudani. Kabla hujaiga kipande jua kiko kundi gani. Vya burudani piga upendavyo, vya ibada uliza kwanza.

Adabu za lazima, hata kama unafanya mazoezi kwenye chumba cha chuo huko Ulaya au Marekani. Vua viatu. Usiruke ala wala kuipitisha mguu juu yake, zunguka hata kama njia ni ndefu. Usiweke kikombe cha chai juu ya kasha. Ukiona sahani ndogo ya majani yenye maua na ubani mbele ya gong, hiyo ni sadaka, usiiguse. Ala zina siku yao kabisa, Tumpek Krulut, zinatolewa sadaka na kuombewa. Ukiingia hekaluni funga kamen kiunoni, kitambaa kinachofungwa kama kikoi, na mshipi wa kitambaa juu yake. Aliye hedhini, mwenye kidonda kinachotoa damu na mwenye msiba wa karibu hawaingii, ndio sheria yao.

Na majina. Wayan, Made, Nyoman, Ketut yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, wa kwanza hadi wa nne, akizaliwa wa tano mzunguko unaanza upya, kwa hiyo darasa moja linaweza kuwa na akina Wayan watano. Ile "I" mbele ni ya mwanaume, "Ni" ya mwanamke. Mwalimu mwite Pak au Bu, kijana aliyekuzidi kidogo mwite Bli, dada mkubwa Mbok. Kumwita mtu mzima jina tupu ni kumkosea, jambo ambalo watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Hatua ya 11: historia ya kutosha

Waholanzi walipomalizia kuiteka Bali kusini, Badung mwaka 1906 na Klungkung mwaka 1908, familia za kifalme ziliangamia au zikaishiwa, na gamelan zao kubwa za ikulu zikaanza kuhamia mikononi mwa vijiji. Vijiji vingine viliziyeyusha na kufua upya. Kaskazini, Buleleng, ndiko mtindo mpya wa kebyar ulipolipukia, na Desemba 1915 tayari kulikuwa na mashindano kijiji cha Jagaraga. Miaka ya 1920 I Ketut Maria akatunga dansi ya kebyar inayochezwa ukiwa umekaa chini. Mwaka 1928 kampuni za rekodi za Ujerumani, Odeon na Beka, zikarekodi huko, sahani hizo zikamfikia Colin McPhee, mtunzi wa Kanada aliyekuwa New York, akafunga safari na kuishi Bali miaka mingi ya 1930 akiandika kila alichosikia. Kundi la kijiji cha Peliatan likapiga Paris mwaka 1931. Utasoma mahali kwamba Debussy, mtunzi wa Ufaransa, alisikia gamelan ya Bali Paris mwaka 1889, hapana, ile ilikuwa ya Java. Desemba 2021 UNESCO ikaiorodhesha gamelan ya Indonesia kuwa urithi wa binadamu.

Hatua ya 12: mwalimu

Kuna mahali video zinaishia. Mafunzo ya jadi yanaitwa maguru panggul, mwalimu ni panggul: anakaa upande wa pili wa ala, anapiga akiwa amekutazama, kipande kifupi, wewe unarudia papo hapo, tena, tena, bila karatasi. Maandishi ya noti yapo, yanatumia alama za irabu za maandishi ya Kibali, ila ni ya kukumbushia. Kwa hiyo ukipata mwalimu funga daftari. Ukirekodi, omba ruhusa, na rekodi upande wa polos na wa sangsih kwa faili mbili ili uweze kujipigia nusu nyingine ukiwa nyumbani.

Walioko Marekani, Gamelan Sekar Jaya ipo California tangu 1979 na imeleta walimu wengi kutoka Bali, na vyuo vikuu kadhaa vina seti zao. Kwa walioko Tanzania na Kenya, serikali ya Indonesia ina ufadhili unaoitwa Darmasiswa, ni kwa wageni kusoma lugha na sanaa kwenye vyuo vya huko bila kutafuta digrii. Ulizia masharti na nafasi ya mwaka husika kwenye ubalozi wa Indonesia, Dar es Salaam au Nairobi, na uulize mapema. Chuo cha sanaa cha ISI kilichoko Denpasar ndicho cha kukilenga kwa gamelan. Anza Kiindonesia kidogo kabla hujaenda, kinaandikwa kwa herufi zilezile zetu na matamshi hayatakupa shida.

Ukienda kwa pesa zako, lenga katikati ya Juni hadi katikati ya Julai, ndo msimu wa Pesta Kesenian Bali hapo Denpasar, tamasha linalofanyika tangu 1979, na usiku wa mashindano ya gong kebyar vikundi viwili vinakaa uwanja mmoja vinajibizana huku mashabiki wa kila upande wanapiga kelele. Ukipenda beleganjur nenda Machi, mkesha wa Nyepi, vijana wanabeba masanamu makubwa ya ogoh-ogoh barabarani na matoazi yanapasua masikio. Ila panga tiketi vizuri, Nyepi yenyewe ni siku ya kimya, uwanja wa ndege unafungwa saa 24 na hakuna kutoka nje, hata mgeni. Nunua chakula siku moja kabla.